Mnyonya Damu, Mtu-Mbwamwitu na Dereva wa Hospitali

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limekupunguzia adhabu, na yule kinyozi mpangaji wako ameacha kukung'utia nywele za watu kwenye kibaraza chako. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu sana. Ameanza tena kutengeneza viti ingawa daktari alimkataza kuinama. Anasema kwa kuwa mgongo wake mwenyewe umekwisha, atavipa migongo viti vya watu. Nimehamia chumba cha juu, kina mwanga, ila bomba linanguruma kila jirani akioga.

Najua simu huitaki, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu. Hapa ofisini kwetu mhariri mkuu amenikabidhi kitabu cha wanafunzi wa sekondari. Kinalinganisha viumbe wawili, mnyonya damu na mtu-mbwamwitu: walivyosimuliwa zamani na wanavyoandikwa sasa. Vijana wanavisoma vitabu hivyo kwa fujo. Mnyonya damu siku hizi ni kijana mzuri, mweupe kama karatasi, ana suti, na wasichana wanagombania ang'ate shingo ya nani kwanza. Mtu-mbwamwitu ni kijana mwenye kifua kipana, analia usiku wa mwezi mpevu, naye ana wasichana wake.

Wewe umeshika damu maabara ya hospitali miaka thelathini na miwili. Nani mwingine nimuulize? Ulisikia hadithi gani? Watu walikuwa wanawaitaje?

Ni mimi mwanao, Macho Manne.

*

Tarehe 19 Februari

Macho Manne,

Marahaba. Goti ni lile lile. Kinyozi nimempa ufagio na bado nimeokota nywele ndani ya bakuli la sukari, sijui za nani. Nilimwaga sukari yote. Mwambie kaka yangu aache viti, mgongo si mbao.

Barua yako imenichefua, nakwambia bila kupindisha. Wasichana wanagombania kung'atwa? Sikiliza mtu aliyenawa damu mikononi kila siku ya kazi. Damu haina uzuri. Ikitoka ni moto na ina harufu ya sarafu iliyoshikwa na mikono mingi. Ukiiacha bila dawa ya kuizuia inaganda inakuwa kama ini, inatikisika kwenye chupa. Ikilala juani kwa saa mbili hutakaa nayo chumba kimoja. Na hainyweki. Ukimeza kijiko, sawa. Ukimeza kikombe tumbo linaikataa, inarudi nyeusi kama machicha ya kahawa, na kitakachobaki kitatoka kesho kama lami. Niliwafanyia kazi wagonjwa waliovuja damu tumboni, nilishika makarai yao. Sasa huyo mwenye suti anatapikia wapi? Mbona vitabu vyako havisemi? Anaoshwa na nani?

Na mtu-mbwamwitu naye, anakula watu akiwa mbwa, asubuhi anaamka mtu. Kucha zake zimejaa nini? Anampigaje mtu busu kwa mdomo ule?

Waambie wanafunzi wako hivyo. Hadithi sina.

Shangazi yako.

*

Tarehe 11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ofisini, mchoraji wetu akashindwa kumaliza chai yake. Baba amemaliza kiti kimoja. Kinayumba, lakini tumekubaliana kusema sakafu ndiyo mbovu.

Utashangaa, lakini wazee wa zamani wa nchi za baridi wanakuunga mkono. Nimesoma masimulizi yao. Mnyonya damu wao hakuwa na suti wala kasri. Alikuwa maiti ya mwanakijiji: amevimba kama ngoma, uso mwekundu, damu imemjaa mdomoni, kucha zimerefuka, ananuka. Akitoka kaburini anaanza na ndugu zake, mkewe, watoto wake. Dawa yake ilikuwa kumwagia mbegu mlangoni, maana akiziona lazima azihesabu moja moja mpaka kukuche. Waandishi wa baadaye ndio waliomwosha, wakampa cheo na adabu za mezani. Hata kuungua juani ni mambo ya juzi. Wa zamani alichukia mchana tu, hakugeuka majivu.

Mtu-mbwamwitu vilevile. Zamani hakuwa mgonjwa aliyeng'atwa. Alivaa ngozi ya mbwamwitu au mkanda, au alijipaka mafuta fulani, akaenda kuua kwa hiari yake. Kuna mahali walisema akifa anarudi mnyonya damu, yaani wote wawili walikuwa kitu kimoja. Sasa vitabu vimewatenganisha: mmoja tajiri, mwingine fukara mwenye shati lililochanika, na huyu wa pili lazima tumwonee huruma kwa kuwa ni mwezi uliomtuma.

Lakini ninayemtaka hasa ni mumiani, mnyonya damu wa masimulizi yetu. Huyu hanywi mwenyewe. Ameajiriwa. Ana gari, ana vifaa, damu anampelekea mkubwa wake. Baba aliniambia zamani uliwahi kuzunguka na gari la hospitali la kukusanya damu. Watu hawakuwaita hivyo? Nilipomuuliza zaidi alichukua msasa akaanza kusugua kiti.

Mwanao.

*

Tarehe 2 Aprili

Macho Manne,

Marahaba. Mvua imeingia jikoni. Kinyozi amepata mchumba, anaimba.

Huyo maiti wako wa nchi za baridi namfahamu. Si pepo. Ni mtu aliyecheleweshwa kuzikwa, au aliyefukuliwa na watu wenye pupa. Maiti ikikaa inavimba kwa hewa, hewa inasukuma maji mekundu yatoke mdomoni. Kucha hazikui, ngozi ndiyo inayorudi nyuma. Niliyaona hayo chumba cha maiti umeme ulipokatika kwa siku mbili. Kwa hiyo watu walimfukua baba wa mtu, wakamkuta anaoza kama kila mtu anavyooza, wakasema anakunywa damu yetu, wakampigilia mti kifuani. Hapo nani mnyama?

Kuhusu watu wanaogeuka, sisi wadogo tuliambiwa ni fisi. Mtaani kwetu palikuwa na mama muuza mkaa, anachechemea, anaishi peke yake. Ilitosha. Tulikuwa tunamtupia mawe tukienda shule, mimi na baba yako. Alipokufa tuliambiwa alikuwa na kidonda cha mguu kilichooza mpaka mfupa. Harufu yake ndiyo tuliyokuwa tukiiita harufu ya fisi.

Gari la hospitali lilikuwa jeupe.

Shangazi yako.

*

Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa jiko. Mimi sijambo, ila macho yanauma kwa kusoma magazeti ya zamani maktabani.

Nimepata kitu. Gazeti la miaka thelathini na saba iliyopita, ukurasa wa ndani, pembeni ya tangazo la sabuni: dereva wa hospitali, aliyejulikana na wenzake kama Breki, ameshambuliwa sokoni na watu waliomdhania mnyonya damu. Gari lilikuwa na chupa za damu. Siku nne baadaye habari nyingine, mistari mitatu: amefariki. Na ile ya kwanza inamalizia kwamba "mhudumu wa maabara aliyekuwa naye alinusurika."

Shangazi, ni wewe?

Mhariri mkuu alipoliona gazeti alipiga meza. Anasema hiyo ndiyo sura itakayouza kitabu. Nimeiandika kwa siku mbili, nakuletea kurasa nne pamoja na mchoro wa rangi wa mchoraji wetu. Nimeanza na gari likipita taratibu, watoto wanalikimbia, dereva anatabasamu na jino moja linang'aa. Nimemwacha msomaji asiwe na uhakika ni mnyonya damu au la, ili asisimke. Nataka uongeze sauti yako: ulitorokaje?

Mwanao.

*

Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili katikati na sikupata jibu. Kinyozi wako alipokea simu dukani kwake, akaniambia hujambo, unakula, ila kile kibahasha changu cha kahawia ulikiweka kwenye jiko la mkaa mbele yake.

Baba nimemsomea kurasa zile. Alitoka nje, nikasikia anatapika kwenye mfereji. Nilipomuuliza alisema, "Mimi nilifua koti tu. Muulize mwenyewe." Koti gani, Shangazi?

Mwanao.

*

Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Sijambo. Salamu nyingine utazisoma barua ijayo, leo nikianza na salamu sitafika.

Nilichoma karatasi zako kwa sababu ya lile jino. Breki alikuwa na pengo pale mbele, hakuwa na jino la kung'aa. Aliitwa Breki kwa kuwa aliendesha kama amebeba mayai, akiona shimo anasimama kabisa, anateremka kulitazama. Alikuwa anasema chupa moja ni mtu mmoja, hatuwezi kumrusha mtu.

Siku ile tulitoka chuo cha ualimu na chupa ishirini na tatu. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Karibu na soko tairi lilipasuka. Breki akafungua mlango wa nyuma atoe jeki, sanduku moja likateleza, chupa ikaanguka ikapasuka. Mimi nilikuwa nimeenda dukani kuomba simu niwaambie hospitali tutachelewa. Kwa sababu ya joto nilikuwa nimevua koti jeupe, nimelikunja kwapani.

Niliporudi walikuwa kama watu mia. Breki alikuwa ameshavuliwa shati. Alikuwa anawaambia, "Hii ni damu ya wagonjwa." Alisema mara tatu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwelekeza mtu njia. Niliisikia wazi. Palikuwa na meza ya muuza kabichi, na gunia chini yake. Nikalisukuma koti langu ndani ya gunia kwa mguu.

Mama mmoja aliyesimama karibu yangu, amebeba mtoto, akaniuliza, "Dada, ni kweli huyu ni mnyonya damu?"

Nikamjibu, "Ndivyo wanavyosema."

Hayo ndiyo maneno yangu. Umetaka sauti yangu kwenye kitabu, hiyo hapo.

Akageuka kwa waliokuwa mbele akawaambia, "Hata huyu dada anasema ndiye." Sikumsahihisha.

Breki aliniona. Tulitazamana kama ninavyoutazama mlango huu. Kidole kimoja tu kingetosha, "Muulizeni yule, ni wa maabara." Hakukinyanyua. Aliangalia pembeni, kama mtu asiyenijua.

Waliteremsha chupa zote wakazipasua barabarani. Sasa wewe unayeandika damu kwa wino mzuri, nikwambie ilivyokuwa. Watu waliteleza. Mzee mmoja alianguka kifudifudi, akainuka imemwingia puani, akatapika juu ya miguu ya wenzake nao hawakusogea. Nzi walikuja kabla ya polisi. Harufu ilikaa mdomoni mwangu, nilikuwa naimeza. Palikuwa na fundi cherehani aliyenishonea sare yangu ya kwanza, mtu mpole, alikuwa ananiuliza kama kiuno kinabana. Alikuwa anampiga Breki kwa rula ya chuma, ule ubapa wake, kisha ncha. Walipomaliza alikwenda bombani, akanawa mpaka viwikoni, akaosha na rula. Akanikuta nimesimama, akaniambia, "Dada, pita huku, utachafua viatu."

Vitabu vyako vinataka mwezi. Ilikuwa mchana kweupe. Vinataka manyoya na kucha. Walikuwa na nguo zao za kazini, na jioni walipika. Wale wa zamani uliowasoma wana ukweli kidogo, waliosema mtu anavaa ngozi kwa hiari yake. Ila sioni kama hata ngozi ilihitajika.

Nilitembea mpaka hospitali. Kaka yangu alikuwa ameniletea chakula, akaniona, nikamwambia yote. Alikwenda sokoni akalitafuta lile gunia, akalileta koti, akalifua. Halikuwa hata na doa, lilinuka kabichi.

Breki aliletwa na polisi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilipima kundi la damu yake kwa mkono wangu. Kwenye jokofu la damu palikuwa na chupa mbili zinazomfaa. Kati ya zile ishirini na tatu, sita zilikuwa za kundi lake. Nilizipima mwenyewe asubuhi ile. Alikaa siku nne. Nilipita kwenye mlango wa wodi yake kila siku na sikuingia.

Kwenye mazishi mjane wake alinishika mikono akasema asante, wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Nikasema amina.

Huulizi tena nilitorokaje.

Shangazi yako.

*

Tarehe 9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, anakusalimu. Viti ameviacha.

Nimechukua wiki tatu kwa sababu sikujua niandike nini, na sitakudanganya. Nilichefuka. Nilichefuka na yule fundi cherehani, na yule mama mwenye mtoto. Kisha nikafika kwenye yale maneno yako mawili matatu, nikaiweka barua chini nikanawa mikono, kama vile karatasi ina uchafu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Siwezi kukwambia si kitu.

Halafu nikazichukua kurasa zangu nne na ule mchoro wa jino, nikaona ninachokifanya. Nilitaka msomaji asiwe na uhakika kama Breki ni mnyonya damu. Yaani nilikuwa nasema ndivyo wanavyosema, kwa herufi za chapa, nakala elfu tano.

Nimeiondoa sura hiyo. Mhariri mkuu alikasirika, akaniambia, "Bila hiyo kitabu chote ni cha majumba ya mawe na theluji. Watoto wetu watajiona wapi?" Nikamwambia habari si yangu. Akasema basi nimtafute mwenye habari, nina muda mpaka mwisho wa Oktoba.

Hata wewe si mwenye habari, Shangazi. Mjane wa Breki yupo hai?

Binti wa kaka yako.

*

Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba kwa safari, utaelewa. Kinyozi alinisindikiza mpaka kituoni akabeba mkoba wangu. Nywele zake nimemsamehe.

Yupo hai. Anaishi nyumba ile ile, imepakwa rangi. Alikuwa uani anaanua nguo. Amezeeka, lakini alinitambua, akaita "dada wa maabara", akataka kuweka chai. Nikamwambia asiweke kwanza. Nikamwambia nikiwa nimesimama, tangu tairi mpaka mlango wa wodi, na yale maneno nikayatamka kama nilivyoyatamka siku ile.

Hakulia. Aliendelea kukunja mashuka. Alipomaliza la mwisho akasema, "Miaka yote hii umeubeba mzigo huu, leo umekuja kuutua kwangu. Sasa mimi niuweke wapi?"

Akaliweka shuka juu ya mengine.

Akasema, "Mwanangu anafundisha watu udereva. Anarudi saa kumi na moja. Utakaa hapo kwenye kigoda, akija utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Nilikaa kwa saa tatu. Alipita mbele yangu mara nyingi na hakunitazama. Chai hakuniwekea tena.

Kijana alikuja, mtu mzima sasa, ana mvi, ana lile pengo la baba yake. Nikasimama nikarudia yote. Alisikiliza huku ameshika funguo za gari. Nilipomaliza aliniuliza, "Alikuona?"

"Aliniona."

"Na hakukutaja."

"Hakunitaja."

Akamgeukia mama yake. "Polisi walituambia alikuwa anawaomba msamaha. Kwamba alikiri."

"Ndivyo walivyosema," mama akajibu.

Nikamwambia hakuomba msamaha wala hakukiri. Aliwaambia ni damu ya wagonjwa, mara tatu, halafu akanyamaza. Yule kijana akakaa chini kwenye ngazi. Miaka thelathini na saba, mwanangu, yule mtu alikuwa anaamini baba yake alikubali kuwa ndiye. Alioa mbali. Aliwaambia watoto wake babu yao alikufa kwa homa. Mimi nilikuwa nadhani nimeficha aibu yangu peke yangu, kumbe nilikuwa nimewaachia na wao uchafu wa watu wa sokoni, wanaulea ndani ya nyumba.

Nilimweleza habari ya kitabu. Nilitegemea anifukuze. Akafikiri, akasema, "Mwambie aandike. Aandike alivyoendesha, na kwamba alisema mara tatu. Hao wenye meno awaweke sura nyingine, wasikae ukurasa mmoja na baba yangu."

Nikasema nitamwambia.

"Jina la baba liwekwe kamili," akasema, "si Breki tu." Akaniandikia kwenye karatasi hii niliyoambatanisha. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza usoni, akasema, "Na la kwako liwekwe."

Mama yake alikuwa mlangoni, akasema, "Na alichomjibu yule mwanamke."

Nimekubali. Jina langu unajua linavyoandikwa, usikosee herufi.

Shangazi yako.